Mweka hazina, jirani yake na shilingi 1,692,000: uchambuzi wa kisa cha kikundi kimoja cha hisa

Kisa hiki ni cha kikundi cha hisa kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na kila alama ya kumtambulisha mtu vimeondolewa, na wahusika wanaitwa kwa kazi zao. Kinaandikwa kwa viongozi wa vikoba, na pia kwa yeyote aliyewahi kuijua siri ya rafiki yake akashindwa kuamua aseme au anyamaze. Fedha zimeelezwa kwa kirefu kwa sababu bila hesabu kamili watu hubaki kugombania tabia ya mtu, na ugomvi wa namna hiyo hauna mwisho.

Usuli

Kikundi kilikuwa na wanachama 25, wanawake 21 na wanaume 4: mama lishe, wauza mitumba, mafundi cherehani, madereva wa bajaji. Walikutana kila Jumatano saa kumi jioni, mikutano 48 kwa mzunguko, na kuvunja mzunguko, yaani kugawana fedha, katikati ya Desemba ili ziwahi sikukuu na Januari ya sare na madaftari. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Mtu alinunua hisa 1 hadi 5 kwa mkutano, na kila hisa iligongewa muhuri kwenye kijitabu chake. Mkopo ulifika mara tatu ya hisa za mtu, kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi, mkopo mmoja kwa wakati. Mfuko wa jamii, shilingi 500 kwa wiki, uliwekwa kando kwa ajili ya misiba na wagonjwa, na haumo kwenye hesabu za kisa hiki.

Kwa wiki 24 za mwanzo fedha zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Utaratibu huu ulianza mwaka 1991 kwenye vikundi vya wanawake wa Maradi, nchini Niger, chini ya shirika la CARE, kisha ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Funguo hushikwa na watu watatu ambao si mtunza sanduku, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa na shida ya kufa na kupona. Watu hudhani kufuli zile ni za kuzuia wezi wa nje. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtunza sanduku na siku yake mbaya.

Kufuli zilikwenda pamoja na desturi moja. Kila mkutano ulifungwa kwa wanachama wote kutaja kwa sauti kiasi kinachobaki sandukuni, na uliofuata ulifunguliwa kwa kukitaja tena kabla ufunguo wa kwanza haujaingia. Hata asiyejua kusoma alikuwa mkaguzi.

Wiki ya 25 nyumba mbili za mtaa zilivunjwa. Wanachama wakaogopa, wakaamua fedha zihamie kwenye simu. Kikundi hakikuwa kimesajiliwa, ingawa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya namna hii daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Bila cheti, benki haikuwafungulia akaunti. Njia ya mkato ikawa laini mpya iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mweka hazina. Namba ya siri ya tarakimu nne waliigawa: mbili za mwanzo kwa mwenyekiti, mbili za mwisho kwa katibu. Lilikuwa wazo zuri, nalo lilidumu wiki sita.

Kilichotokea

Mweka hazina alikuwa mama lishe karibu na stendi. Siku nzuri ilimwachia faida ya 15,000 hadi 18,000, pamoja na juisi na maji baridi ya kwenye friji. Wiki ya 29 mume wake, dereva wa bajaji, alipata ajali akavunjika mguu. Ndani ya siku kumi mtaji wa chakula ukawa umeliwa na hospitali na nauli. Kikundini alikuwa tayari ana mkopo wa 400,000, na kanuni haikuruhusu wa pili. Angeweza kuomba asogezewe muda. Hakuomba. Baadaye alieleza kwamba mtu anayewadai wenzake marejesho kila Jumatano hawezi kusimama siku hiyohiyo kusema yake yamekwama.

Wiki ya 30 akaenda kwenye mikopo ya kausha damu. Aliandikiwa 500,000, zikakatwa 50,000 za fomu, akapokea 450,000 mkononi. Rejesho lilikuwa 22,000 kila siku kwa siku 30, jumla 660,000, na adhabu ya 5,000 kwa kila siku atakayochelewa. Dhamana ilikuwa friji na televisheni. Ukiiweka hesabu hii kwenye karatasi haichukui dakika moja: faida ya juu kabisa ni 18,000, rejesho ni 22,000. Biashara isingeweza kuulipa mkopo ule hata familia nzima ingefunga kula. Wengi wanaoingia huko wanajua kuhesabu vizuri tu. Wanaingia kwa sababu fedha hutoka siku hiyohiyo na hakuna anayeuliza mbele za watu.

Wiki ya 31 mwenyekiti alisafiri kwenda msibani mkoani. Mwanachama mmoja akapata dharura ya hospitali, mkopo wake ukapitishwa, na ili fedha zitoke mwenyekiti akazitaja tarakimu zake mbili kwa simu. Katibu naye, akiwa sokoni, akazitaja zake. Waliokoa mgonjwa. Mwenyekiti aliporudi kutoka msibani, hakuna aliyekumbuka kubadilisha namba.

Kuanzia hapo miamala ilifuatana hivi: wiki ya 33, shilingi 250,000, wiki ya 36, 300,000, wiki ya 38, 342,000, wiki ya 40, 400,000, wiki ya 43, 400,000. Jumla 1,692,000. Makato ya wakala yalijificha ndani ya 40,000 ambazo kikundi kilitenga kwa gharama za laini bila kudai stakabadhi. Mkopo wa pili wa kausha damu ulichukuliwa wiki ya 34 kuulipa wa kwanza, na wa tatu ukafuata kuulipa wa pili.

Pengo halikuonekana kwa sababu ya namna fedha zilivyozunguka. Makusanyo ya siku, hisa pamoja na marejesho, ndiyo yaliyotoa mikopo ya siku ileile, na ziada tu ndiyo iliyopelekwa kwa wakala. Daftari lilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Simu ndiyo iliyokuwa pungufu, na salio la simu lilikuwa linasomwa na mweka hazina, halionyeshwi.

Wiki ya 39

Wiki hii inahitaji kutazamwa polepole.

Mmoja wa wahesabu fedha wawili alikuwa jirani wa mweka hazina kwa miaka tisa. Walizaa mwaka mmoja, walipeana chumvi na mkaa, watoto wao walilala nyumba yoyote waliyochelewea. Jumatano hiyo jirani aligundua kwamba mwenzake anasoma salio kutoka kwenye simu ambayo kioo chake kimezima. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo, na kioo kilikuwa cheusi. Alimwomba aione meseji, akaambiwa chaji imeisha.

Jioni alimfuata. Alimkuta anasugua sufuria la wali kwa majivu, akakaa kwenye kigoda, akauliza mara moja tu. Mweka hazina akaeleza yote: mguu wa mume, rejesho la kila siku, vijana waliokuja na bajaji kuchukua friji. Akamaliza kwa kusema, "Shoga yangu, nisitiri. Mwezi huu namaliza."

Jirani akamsitiri. Alimkopesha 60,000 zake mwenyewe, kila Jumatano akaketi na kuandika salio lililosomwa, na kila usiku, kwa maelezo yake, akalala vibaya. Wakati huo pengo lilikuwa 892,000. Katika wiki nne zilizofuata ziliondoka 800,000 nyingine. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya hasara yote ilitokea baada ya mtu mwema kujua.

Jinsi ilivyofichuka

Mkutano wa wiki ya 44 ulimpitishia muuza nguo za watoto mkopo wa 600,000 wa mzigo wa Krismasi, utumwe kwa simu Jumamosi. Kwenye daftari, simu ilipaswa kuwa na 2,130,000. Ilikuwa na 438,000. Kwa siku nne aliambiwa mtandao unasumbua. Siku ya tano, sasa wiki ya 45, alikwenda na katibu mpaka kwa wakala, wakampigia mweka hazina aje na simu yake. Alikuja. Salio likaonekana.

Kikao cha kwanza, kilichoharibika

Kikao cha dharura kiliitwa siku ya pili yake kwenye ua wa mwenyekiti, watoto wakichungulia mlangoni. Hakikuwa na ajenda. Watu 19 walizungumza, wengi kwa pamoja. Mweka hazina hakusema neno, alilia mpaka akaishiwa nguvu. Jirani naye alinyamaza. Usiku, wanachama wanne walikwenda na bajaji wakachukua friji na sufuria mbili kubwa. Mwingine aliweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp na neno "mwizi" chini yake, na kabla ya asubuhi ilikuwa imefika kwa wakwe zake mkoa mwingine. Mtoto wake wa darasa la sita alikataa kwenda shule siku mbili.

Hasira yao ilikuwa halali. Mama aliyeweka 6,000 kila wiki kutoka kwenye maandazi ana haki ya kupandisha sauti. Lakini kila kilichofanyika usiku ule kiliwasogeza mbali na fedha zao. Bila friji hakuna juisi, bila sufuria hakuna wali, na mdaiwa asiye na wali hana cha kulipa. Picha iliwaweka wao wenyewe pabaya, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa aina hiyo. Tena ilimfunga mume mdomo: alikuwa tayari kuja kuzungumza, akaghairi.

Kikao cha pili, na maamuzi yake

Aliyegeuza mambo ni mwanzilishi wa kikundi, bibi wa miaka sitini na kitu ambaye hakuwa na cheo chochote. Aliomba siku sita. Katika siku hizo mwenyekiti, katibu, mume na mweka hazina mwenyewe walikwenda kwenye duka la mtandao wa simu, mwenye laini akiwepo na kitambulisho chake, wakachapisha taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Wakaandika madeni yake yote kwenye karatasi moja, pamoja na kausha damu mbili zilizokuwa hai: 310,000 na 470,000. Friji na sufuria zilirudishwa siku ya tisa tangu zichukuliwe, baada ya bibi kwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wanne.

Kikao kilifanyika wiki ya 47, bila watoto, wajumbe 25 wote wakiwepo. Kabla ya lolote bibi alimwambia mweka hazina, "Mwanangu, usituombe radhi kwanza. Tusomee." Akampa karatasi ya miamala. Alisoma wiki, kiasi, na kilikokwenda. Alipofika kwenye 342,000 alisimama. Mtu akauliza kwa nini 342 na si 350. Akajibu kwamba ndicho kilichokuwa kinadaiwa asubuhi ile, deni na adhabu, na vijana walikuwa wameshaanza kuiburuta friji kutoka ndani. Chumba kilitulia. Namba ile isiyo ya mviringo iliwaonyesha watu kitu ambacho machozi ya kikao cha kwanza hayakuweza: fedha hazikujenga nyumba kijijini wala kununua kiwanja. Ziliingia mdomoni mwa deni. Kosa halikupungua kwa hilo, ila mwelekeo wa mazungumzo ulibadilika, kutoka "umetufanyia nini" hadi "zinarudije".

Radhi aliomba mwishoni, kwa sentensi mbili, na hakutaja ajali ya mume. Aliyemshauri hivyo alijua watu. Radhi yenye sababu ndani yake husikika kama utetezi.

Uamuzi wa kwanza ulihusu hesabu ya mgao. Hisa zote zilikuwa 3,600. Fedha zilizopaswa kuwepo, baada ya marejesho yote, riba na faini, ni 8,712,000, sawa na 2,420 kwa hisa. Zilizokuwepo ni 7,020,000. Wangegawana hivyohivyo, hisa iliyonunuliwa 2,000 ingerudi 1,950: mtu aweke akiba mwaka mzima aambulie pungufu ya alichoweka. Katibu akapendekeza njia nyingine. Hisa 180 za mweka hazina zihesabiwe kwa bei kamili, 435,600, zikatwe kwenye deni, na asipate mgao. Deni likashuka hadi 1,256,400, na 7,020,000 zikagawanywa kwa hisa 3,420 za wengine. Kila hisa ikapata 2,050, zikabaki 9,000 kwenye daftari. Kila mtu alirudi nyumbani na akiba yake yote na chembe ya faida, akidai 370 kwa kila hisa. Ukipiga 370 mara 3,420 unapata 1,265,400, yaani deni pamoja na zile 9,000. Hesabu ilifunga ubaoni mbele ya kila mtu, na nadhani hilo lilituliza watu kuliko hotuba yoyote ya siku ile.

Uamuzi uliogombaniwa zaidi ni nani alipwe kwanza. Pendekezo lilikuwa kausha damu zimalizwe kwanza: 60,000 kwa wiki kwa wiki 13, jumla 780,000, huku kikundi kikipokea 10,000 tu kwa wiki. Wengi waling'aka. Iweje wakopeshaji wale wapewe kabla ya waliodhulumiwa? Jibu lilikuwa kwamba deni la kikundi halikui, ila la kausha damu hukua kila jua likizama. Kikundi kikichukua kwanza, biashara inakufa na kikundi hakipati cha pili. Baada ya wiki 13 angelipa kikundi 40,000 kwa wiki. Makadirio yote yalikuwa wiki 42. Mwenyekiti na mume walikwenda naye kwa wakopeshaji kuomba adhabu isimamishwe na rejesho liwe la wiki. Mmoja alikubali. Wa pili alikataa, akalipwa kwa kasi zaidi kutoka kwenye vibarua vya mume vya kukaa kaunta ya duka la vipuri.

Polisi hawakuitwa wakati ule. Kuchukua fedha ulizoaminiwa ni kosa la jinai, na hakuna aliyejifanya halijui. Walipima kwamba mtu aliye rumande halipi, na Januari ilikuwa inagonga mlango. Makubaliano yaliandikwa nakala tatu, yakasainiwa na yeye, mume, na wadhamini wawili mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kifungu kimoja kilisema: wiki tatu mfululizo bila malipo na bila taarifa, shauri linakwenda kituoni. Neno "bila taarifa" liliwekwa kwa makusudi. Akikosa, aseme siku moja kabla, atasikilizwa. Walitaka kumfundisha kitu kilekile kilichomshinda wiki ya 29.

Mwisho walipiga kura kama abaki mwanachama. Uongozi alivuliwa bila mjadala. Kubaki kulipita kwa kura 14 dhidi ya 10.

Matokeo

Wiki 13 za kwanza alilipa zote isipokuwa mbili, na zote mbili alitoa taarifa na kuzifidia. Masika yalipokuja wateja wa stendi walipungua na malipo yakashuka hadi 25,000 baadhi ya wiki. Wiki ya 42 ya malipo alikuwa amelipa 1,086,400. Zilizobaki 170,000 alizimaliza wiki ya 49, siku chache kabla ya mgao wa mzunguko uliofuata. Wanachama walirudishiwa mara mbili, 150 kwa hisa katikati ya mwaka na 220 mwishoni. Watatu waliokuwa wamejitoa walilipwa sawa na waliobaki, siku ileile.

Wiki tano za mwanzo hakuna aliyekaa karibu naye kwenye mkeka. Bibi ndiye aliyekuja na kukaa, kila Jumatano, akichambua mchicha wake pale pale. Wiki ya sita watu walianza kusogea.

Uchambuzi: lango lilikuwa wapi

Ni rahisi kusema tatizo ni namba ya siri. Kweli, namba ikitajwa kwa simu mara moja haina tena siri, na ilipaswa kubadilishwa siku mwenyekiti alipotua. Lakini laini ya jina la mtu mmoja ni hatari hata namba ikigawanywa kumi, kwa kuwa mwenye kitambulisho anaweza kwenda dukani kuomba namba mpya. Dawa ni usajili wa halmashauri, kisha akaunti ya kikundi ya benki au ya mtandao wa simu ambapo kutoa fedha kunahitaji idhini ya watu zaidi ya mmoja, kila mmoja kwenye simu yake. Kikundi kilifanya hivyo mwezi wa pili wa mzunguko mpya. Kwa mwezi wa kwanza kilirudi kwenye sanduku.

Kilichonigusa zaidi ni ile desturi ya kutaja salio kwa pamoja. Haikufutwa na kikao chochote. Sanduku liliondoka, nayo ikaondoka, kwa sababu watu waliona ni ya sanduku. Sasa simu hupitishwa mkono kwa mkono, meseji ikionekana, wahesabu wawili wanaandika salio na saa ya meseji, na mkutano mzima unalitaja. Inachukua dakika nne. Ingekuwepo wiki ya 33, pengo lingekomea 250,000, kiasi ambacho hisa zake mwenyewe zingekifidia.

Jambo la pili ni kanuni ya mkopo mmoja. Ni nzuri, lakini haikuwa na mlango wa dharura. Mfuko wa jamii ulimjua mfiwa na mgonjwa tu. Aliyezidiwa na deni hakuwa na pa kwenda ila gizani. Mzunguko mpya uliongeza kipengele: mwanachama anaweza kuwaeleza wazee wawili waliochaguliwa, faraghani, na kikundi kikamkopesha mpaka 300,000, zinazolipwa moja kwa moja kwa anayemdai, si mkononi mwake. Watu wawili walikitumia mwaka ule. Majina yao hayakutajwa kikaoni, kiasi tu.

Uchambuzi: kusitiri na kuficha

Pwani tunalelewa kwamba kumsitiri mwenzako ni jambo kubwa, na sitaki kisa hiki kisomwe kama hoja ya kuwachongea marafiki. Jirani alifanya alichofundishwa. Kosa ni kuchanganya vitu viwili vinavyofanana kwa nje. Kumsitiri mtu ni kulinda heshima yake wakati jambo linatengenezwa. Kuficha ni kuliacha jambo liendelee na kumwacha mwenyewe nalo peke yake. Kipimo ni kimoja: je, kuna mtu wa tatu, mwenye uwezo wa kusaidia, anayejua? Kama ni ninyi wawili tu, na ninyi wawili hamna fedha hizo, hapo mnaficha.

Ile 60,000 nayo ni ya kutazamwa. Kwa rejesho la 22,000 kwa siku haikutosha hata siku tatu, ila ikampa kila mmoja hisia kwamba kuna kinachofanyika. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Fedha ilipotea.

Angefanya nini? Baada ya kisa wahesabu wapya walifundishwa maneno ya kutumia, na ninayaandika hapa kama yalivyo, maana jioni ile kwenye kigoda mtu hatafuti kanuni, anatafuta cha kusema: "Nakupenda, na sitalisema hili sokoni. Kesho saa moja asubuhi twende wote kwa bibi, wewe useme mwenyewe. Ukishindwa kuja, Jumatano nitaomba simu ionyeshwe kikaoni. Nakwambia leo ili usinione nimekugeuka." Kuna siku, kuna saa, kuna mtu wa tatu, na mwenye kosa anaachiwa nafasi ya kusema kwa kinywa chake. Siku moja inatosha. Wiki moja ni nyingi, kwa kuwa kausha damu haisubiri Jumatano.

Kisichotengenezwa

Muuza nguo za watoto alikosa mzigo wa Krismasi, msimu ambao humlisha mpaka Machi. Alipata 370 zake kwa hisa kama wengine, lakini msimu uliopotea haukuandikwa kwenye karatasi yoyote. Hakuna aliyemuuliza. Yeye ni mmoja wa wale watatu waliojitoa. Hesabu za kikundi zilifunga, ila yake ilibaki wazi, na naona hilo ndilo kosa kubwa la kikao cha pili: kilitazama fedha zilizotoka kwenye simu, kikasahau ile ambayo haikuwahi kufika. Kungekuwa na namna. Deni lingeongezewa kiasi cha kumfidia, au angepewa mkopo wa kwanza wa mzunguko mpya bila riba.

Jirani alikiri kikao cha pili kwamba alijua. Alivuliwa uhesabu, akatozwa faini ya 20,000, akailipa palepale. Mweka hazina hakumlaumu kwa kusema, na yeye hakumlaumu mwenzake kwa kumwingiza kwenye jambo hilo. Hata hivyo kitu kilikatika. Kwa mwaka mzima wa malipo walisalimiana kwa adabu kama watu waliokutana kwenye daladala. Watoto wao ndio hawakuacha. Waliendelea kulala nyumba yoyote waliyochelewea, na asubuhi mama mmoja humrudisha wa mwenzake mpaka mlangoni, ameshamnywesha chai.

Zile 60,000 zilirudishwa wiki ya 50, baada ya deni la kikundi kuisha. Mweka hazina alizipeleka mwenyewe, mkononi, jioni. Alikaribishwa kigoda, akakaa.